Kiti cha Baba Kilikuwa Kinachuruzika Maji

Kaka yangu Naoufel,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe, wifi Sihem na watoto hamjambo, na kwamba mvua imeikumbuka mizeituni ya kwetu Kef. Mimi mwilini ni mzima. Tende zimefika, nimekula na wenzangu kazini.

Najua bado una kinyongo kwamba sikuja kumzika Baba. Nisome hadi mwisho, kisha uniseme utakavyo.

Unakumbuka nilivyohangaika na mtihani wa Kijerumani. Bila cheti kile ningerudishwa nyumbani. Kilichonishinda ni majina ya vitu. Kiarabu chetu kina ya kiume na ya kike, basi. Wao wana aina ya tatu, na huwezi kukisia: kijiko ni cha kiume, uma ni wa kike, kisu si huku wala kule. Katika nyumba ya wazee ninamofanya kazi alikuwemo mwalimu mstaafu, Bi Ottilie. Aliniambia niache kukariri kama kasuku. Kila cha kiume nikione kinawaka moto, cha kike kinachuruzika maji, na cha aina ya tatu kimevunjika vipande. Nilicheka, lakini baada ya wiki mbili sikuhitaji hata kujaribu. Nikiingia chumbani, meza inawaka, taa inadondosha maji, kitanda kimepasuka.

Kisha yakaja makosa. Miwani ya mzee Reinhold, mmoja wa wazee wa pale, ambayo kwao ni ya kike, niliiona inawaka usoni pake. Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, alifariki. Nikamweleza Bi Ottilie. Akainua kijiko chake cha supu, akaniuliza, "Na hiki, binti?"

Kilikuwa kinachuruzika maji. Nikamwambia kinawaka.

"Kijerumani chako kimenyooka," akasema, "ila uongo bado hujaujulia." Akamaliza supu yake taratibu. Siku mbili baadaye tulimkuta amekata roho.

Sasa lile lililonikaa kooni. Ijumaa ile uliponipigia kwa video nimwone Baba, alikuwa ameketi uani, akinitania kwamba viazi vya Wajerumani vimeninenepesha na sasa mchumba atakimbia. Kiti kwao ni cha kiume. Chake kilikuwa kinachuruzika maji, kaka, na pindo la kanzu yake limelowa. Nikakuuliza kama kumenyesha. Ukasema jua linachoma.

Wakati wa msiba niliwaambia nilikosa tiketi. Nilikuwa nayo. Niliikata Ijumaa hiyohiyo, ya kuja Jumamosi, ningemkuta hai. Lakini mtihani ulikuwa Jumatatu, nikajiambia ni uchovu wa kusoma tu, nikairudisha. Jumapili ukanipigia kwamba Baba hatunaye. Jumatatu nikazima simu, nikaingia kwenye mtihani. Sikukosea jina hata moja.

Nilidhani nikishapata cheti mambo haya yataisha. Hayajaisha. Kwa hiyo nakuomba, ukinipigia, iwe sauti tu. Usinitumie picha za nyumba, wala za watoto wakiwa wameshika kitu chochote.

Wifi nisalimie sana, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Ukipita kaburini kwa Baba, msomee Fatiha, umwombe anisamehe. Nawe pia, ukiweza.

Mdogo wako,
Wided