Jiko la Mama Limevuka Mpaka

Jumamosi, magharibi

Uwanja ule kati ya nyumba zetu mbili ndipo mama yangu na mama yake Beda walipokuwa wakianika mpunga, mikeka imegusana, wakifukuza kuku kwa zamu huku wakisengenya watu kwa Kipogoro. Sasa Beda, jirani yangu, anataka kuongeza vyumba viwili palepale. Nikaenda kumpinga kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilisema anavuka mpaka. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona mikeka tu.

Leo mwenyekiti amekuja na futi kamba. Akapima mara mbili, akanitazama.

“Mama, aliyevuka ni wewe. Nusu ya jiko hili iko kwa Beda.”

Jiko la mama! Masizi ya moto wake bado yako ukutani. Nikajua linabomolewa.

Beda wala hakushtuka. “Najua, dada. Baba alimpa mama yako hapo mwaka ule wa mafuriko, jiko lake lilipoanguka. Ndiyo maana ramani yangu imelikwepa. Hukuiona?”

Sikuiona. Nilipinga bila hata kuiangalia. Aibu gani hii…

Nikamwambia ajenge tu.

“Na mpunga utaanika wapi?” akaniuliza.

Nikageuka kuutazama uwanja.

“Anikia mbele kwangu, dada. Kuku tutafukuza kwa zamu.”