Chafya kwa Jina Lako

Dada Taprandich,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na hujanikosea lolote. Homa ya mapafu ilikuchukua wiki mbili kabla hujapanda meli ya kwenda Ujerumani, na mimi mdogo wako bado nakuonea wivu. Haya, nimesema.

Sista wa zahanati ya misheni alitufundisha Kijerumani sote wawili, lakini nafasi ya kusomea uuguzi kwao ilikuwa moja. Mimi nilishindwa na mikia ya maneno. Chai nzuri ni "guter Tee", lakini ukitanguliza "der" inakuwa "der gute Tee". Kwa nini? Ulinicheka tukiwa shambani tunachuma chai ya mzungu. "We Chebet, hii ni kama kikapu tu. Kama huyo der amebeba mzigo, gut anatembea mwepesi. Kama der hayuko, gut anabeba mwenyewe." Mikono yako haikusimama hata kidogo, iliendelea kuchuma. Nikaelewa papo hapo, nikakuchukia kwa kunielewesha.

Asubuhi ya mtihani nilichukua karatasi yako yenye mikia yote, nikaitia motoni chini ya sufuria ya uji. Ulitafuta, ukaniangalia, ukaenda bila karatasi. Ukapita. Hukuniuliza kitu mpaka unakufa. Afadhali ungenichapa.

Sasa sikia. Mwezi uliopita nimejifungua msichana. Wanawake walimzunguka kama kawaida yetu, wakaanza kuita majina ya marehemu wa nyumba yetu, wakingoja apige chafya tujue ni nani amerudi. Niliwaomba waanze na kogo, bibi yetu. Wakaita, wakaita, kimya. Wakaita shangazi, kimya. Jina lako hata hawakulimaliza. Chafya! Mama akalia kwa furaha, mimi nikageukia ukutani. Hata mtoto wangu, dada? Hata yeye?

Jana Mama alimpakata akamwimbia kwa ile sauti aliyokuwa nayo kwako tu. Mimi haijawahi kuniita. Roho iliniuma, nikatamani kumnyang'anya. Halafu mtoto akalia kwa njaa, na Mama akaniletea mwenyewe, maana yeye hana la kumpa. Ukanyonya, dada. Ukanishika kidole, ukakataa kukiachilia.

Basi kwaheri, kama bado uko huko. Na kama uko hapa, nakuahidi utashiba, hata siku ambazo sikupendi.

Mdogo wako,
Chebet
Sigowet