Sitaki Gari Itakayofika kwa Mke Mwenzangu

Mpendwa mshauri Bi Time, naomba msaada wako, na naomba pia unistiri, usinitaje jina wala mtaa, useme tu ni mama wa Konde, maana Konde yetu unaijua, ukipiga chafya sokoni ukifika nyumbani unakuta wanakupa pole ya mafua. Mimi ni mke mkubwa, nina miaka kumi na tisa ndani ya ndoa na watoto wanne, na mume wangu, ambaye nitamwita Masoud ingawa silo jina lake, na wengine humu pia nimewabadilisha majina, ana duka la vifaa vya ujenzi, saruji, bati na misumari, na miaka miwili iliyopita alioa mke wa pili, binti mdogo nitakayemwita Suhaila, na nyumba yake iko upande wa Shumba, si pale barabarani, ni ndani, ukishaiacha lami unakwenda saa nzima kwa miguu kwenye udongo ambao mvua ikinyesha unateleza kama bamia.

Zamu yetu ni siku mbili mbili, mbili kwangu na mbili kwake, na juu ya hilo sina la kulalamika, ila masika ya mwaka jana tulikuwa na gari ndogo, zile za chini, na siku moja ilipofika mwisho wa lami ikazama mpaka watu wakaitoa kwa kamba, na tangu siku hiyo mvua ikianza tu Masoud alikuwa anabaki kwangu, nikahesabu, siku kumi na moja, siku kumi na moja zisizo zangu, nami nikipika, nikijifukiza udi, nikitandika shuka mpya, na nisiwe mnafiki Bi Time, nilikuwa nikisikia mvua juu ya bati namshukuru Mungu, ingawa Masoud mwenyewe muda mwingi alikuwa anakaa barazani kuangalia njia.

Masika yalipokwisha akaiuza ile gari, akaniambia, "Mke wangu, safari hii nanunua gari ya juu, inayovuta tairi zote nne, nimechoka kuvutwa kwa kamba." Mimi nikacheka lakini moyo uliniungua, kwa sababu gari ya juu kwa nyumba yangu ya nini, mimi niko kwenye lami, dukani anakwenda kwa miguu, msikiti uko mkabala, gari ile ilikuwa inanunuliwa kwa ajili ya njia moja tu na mwisho wa njia hiyo yuko mtu mmoja tu. Nikaanza maneno ya taratibu, nikamwambia gari ya juu inakunywa mafuta, tairi moja tu bei yake ni mbuzi, vipuri vyake mpaka uagize Unguja, gari ndogo inatosha kwa mtu mwenye akili na bei zenyewe zinapanda kila mwezi. Yote niliyosema yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu yangu hasa.

Hakunisikia. Akapata gari ya juu kwa mwalimu mmoja wa Wete aliyekuwa anahamia Unguja, milioni ishirini na mbili, na fedha hizo alikuwa nazo kamili, akasema atamchukua kaka yangu Jabir akaikague, kwa kuwa Jabir ni fundi na Masoud akiambiwa neno na Jabir ndio limekwisha. Nami siku moja kabla nikaenda gereji kwa kaka yangu, nikamwambia amwambie Masoud injini imechoka. Jabir akaniangalia, mikono imejaa girisi, akasema, "Weye wajua waniambia nini? Miye nakaa hapa kwa neno langu, ntu akija kuniuliza injini haulizi gereji nzima, aniuliza miye." Nikalia, nikamtaja marehemu mama yetu, nikamwambia kama nina ndugu ni yeye, na kaka yangu hawezi machozi yangu tangu tuko wadogo. Kesho yake akaenda, akafungua boneti, akasikiliza, akafunga, akamwambia Masoud, "Shemegi, hii achana nayo."

Haikupita wiki, gari ikanunuliwa na Kificho, mwenye duka la nguo hapo chini yetu, na tangu siku hiyo inapita mlangoni kwangu asubuhi ikienda na jioni ikirudi, nzima, haina hata kikohozi. Siku moja Masoud alimwambia kaka yangu mbele ya watu, "Fundi, ile injini yako iliyochoka leo nimeiona yapanda kilima na magunia kumi na ntu juu yake." Watu wakacheka. Kaka yangu hakucheka, na nasikia wateja wawili wameshahamisha gari zao kwa fundi mwengine, na kwangu hajafika mwezi wa pili huu.

Sasa bei, Bi Time. Wengine wanasema dola, wengine wanasema ushuru, wengine wanasema meli, mimi najua tu kuwa gari ndogo leo inauzwa bei ya gari ya juu ya jana, na gari ya juu kama ile ya mwalimu sasa ni milioni ishirini na tisa. Masoud ana zilezile ishirini na mbili. Rafiki yake Himid amemwambia anunue pikapu ya zamani, inavuta tairi zote nne na fedha itatosha, lakini hilo nimelikataa kwa mdomo wangu, nikasema mimi mke mkubwa sipandishwi pikapu kama gunia la saruji, tena pikapu ile mbele ina kiti kimoja tu cha pembeni ya dereva, tukenda harusini huyo mwengine akae wapi, na asije akasema kiti ni zamu pia. Basi Masoud amekuja kwangu na lugha laini, ananiomba bangili zangu sita za dhahabu, nne za mahari na mbili za mama, tuuze tujazilize gari ya juu, kwa sababu Suhaila ana mimba ya miezi minane na masika yameshaanza.

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Mimi mtoto wangu wa tatu nilipelekwa kujifungua kwa gari ya ng'ombe, tulikuwa tunakaa shamba wakati huo, Masoud hana duka wala baiskeli, yeye ndiye anayeswaga ng'ombe, nimelala juu ya makuti nakamata ubao, kila shimo nalisikia mpaka kwenye meno, na mvua juu yangu. Leo yeye, mimba yake ya kwanza, apelekwe kwa gari ya juu yenye kiyoyozi kwa dhahabu ya mkono wangu? Mimi ni mwanamke gani nisione wivu? Naona wivu, nauandika hapa kwa wino, naona wivu wa njia, wa matope, wa tumbo lake.

Na liko jengine ambalo sijamwambia mtu. Wiki iliyopita Suhaila alinipigia simu, ananiita dada siku zote, akasema, "Dada, huku mvua tangu alfajiri. Masoud asiposhika njia mwambie si neno, miye sitanuna. Ila nitumie namba ya ntu mwenye gari ya kufika huku, nina hofu." Namba ya Kificho ninayo, imo ndani ya simu yangu. Nikamwambia nitaitafuta. Mpaka ninapoandika barua hii sijamtumia.

Bi Time, nifanye nini, nitoe bangili zangu au nishikilie gari ndogo, na je, nimwambie mume wangu ukweli wa ile injini au niache yaliyopita yapite? Nisaidie, usingizi umeniruka.

Ni mimi, Mke Mkubwa, Konde.

BI TIME ANAJIBU

Mke Mkubwa, kabla hujasoma mstari wa pili, weka gazeti chini, chukua simu, mtumie Suhaila namba ya Kificho. Kisha mpigie Kificho mwenyewe, umwambie kuna mama mjamzito upande wa Shumba, ataitwa saa yoyote. Nakungoja.

Umeshatuma? Basi sasa tuzungumze.

Wivu wako sikulaumu. Aliyekwambia mke mkubwa haoni wivu hajawahi kuwa mke mkubwa. Miaka kumi na tisa umekaa na mtu tangu hana baiskeli, leo ana duka, na matunda ya duka yanageuza njia kuelekea Shumba. Inauma, na ungeniandikia hayo tu ningekupa pole nikaishia hapo.

Lakini wewe hukukaa na wivu wako ndani, umeupeleka gereji. Umemchukua ndugu yako wa tumbo moja, mtu ambaye mtaji wake wote ni neno lake, ukamfanya alitie uongo neno hilo kwa machozi na kwa jina la marehemu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila wewe umemtanguliza kaka yako. Na gari uliyoifukuza inakupitia mlangoni mara mbili kwa siku. Mimi nisingeweza kukupangia adhabu nzuri zaidi ya hiyo.

Unauliza gari ndogo au gari ya juu. Mama, wewe hupimi gari. Wewe unapima masika. Unataka gari ya chini kwa sababu inazama, na ikizama mume anabaki. Sasa niambie, hizo siku kumi na moja ulipata nini? Umeandika mwenyewe kwa mkono wako kuwa Masoud alikaa barazani akiangalia njia. Udi umefukiza, shuka umetandika, na mtu yuko nje anahesabu mawingu. Mvua ilikuletea mwili wake tu, na hilo ulilijua ndiyo maana umeliandika.

Siku hizo kumi na moja ni za Suhaila. Muulize Shehe yeyote hapo msikitini mkabala, atakwambia. Na Masoud naye, kama anasoma hapa, na najua atasoma kwa sababu Konde nzima itasoma, nina neno lake. Baba, iliyozama ni gari, miguu yako haikuzama. Saa nzima kwa miguu mke wako anaikwenda na tumbo la miezi minane akifuata kliniki. Ungevaa viatu vya mpira ukenda. Ulibaki kwenye nyumba kavu kisha ukasingizia mvua. Siku hizo zilipe, na mke mkubwa ndiye atakayekukumbusha, kwa kuwa ndiye aliyezihesabu.

Bangili zako usitoe. Mahari ni yako na urithi wa mama yako ni wako, mume ameomba mara moja inatosha, mwambie hapana kwa lugha laini ileile aliyokujia nayo. Hutaki kuzitoa kwa mapenzi, na ukizitoa kwa kujuta, kila gari ile ikiwashwa utasikia dhahabu yako inalia ndani ya injini, na atakayesimangwa ni Suhaila.

Gari mnunue pikapu. Himid ana akili kuliko nyinyi wawili. Mtu anauza saruji na bati, anavuka matope, ana milioni ishirini na mbili, bei zinakimbia, na bado mnabishana juu ya gari ya kwendea harusini. Pikapu itabeba mzigo wa duka, itafika Shumba, na itarudi. Kuhusu kile kiti cha mbele, siku ya harusi kaa wewe, Suhaila atakuwa na mtoto mchanga na harusini hatakwenda. Mwaka ujao mtagombana vizuri mkiwa wazima.

Ukweli wa injini utausema, tena leo, kwa Masoud, kabla hajausoma hapa, na kaka yako akiwepo. Usiseme "tulikosea". Sema, "Mimi nilimlazimisha." Masoud atakasirika, atanyamaza siku mbili tatu, huenda zikawa ndizo zamu zako, vumilia. Kisha umwombe yeye Masoud, palepale mbele ya watu alipomcheka Jabir, aseme kuwa fundi hakukosea injini. Sababu asiitaje, hiyo ni siri ya nyumba yenu. Kazi ya kaka yako irudi kwanza, mambo mengine yatafuata.

Nimebakisha la gari ya ng'ombe, na nimelibakisha makusudi, kwa sababu niliposoma hapo nililiweka gazeti la jana usoni nikafuta macho. Umelala juu ya makuti, umekamata ubao, mvua juu yako. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Masoud haijui njia ile, yeye alikuwa anaswaga ng'ombe. Kificho haijui, mwalimu wa Wete haijui. Katika watu wote uliowataja kwenye barua yako, mmoja tu ndiye anayejua Suhaila anaogopa nini anaposema ana hofu, na huyo alikuwa na namba ndani ya simu akaiacha wiki nzima.

Pikapu haitapatikana kesho, na tumbo halingoji pikapu. Kwa hiyo siku ya kwanza jua likitoka, mwambie Kificho akupeleke Shumba. Wewe mwenyewe, usimtume mtu. Panda ile gari uliyosema injini yake imechoka, uifuate njia ile mpaka mwisho, ugonge mlango, umwambie, "Mdogo wangu, kusanya nguo zako na kadi ya kliniki, utakaa kwangu mpaka ujifungue." Wewe uko kwenye lami, na ile shuka mpya sasa mtandikie yeye.