Mulango kando ya mashini

Bijou, mujikulu wangu,

Huku Dilala tuko bazima wote, na muhogo ulitutumia toka Sandoa ulifika muzuri. Mudogo wako anatembea sasa. Anaangusha kila kitu.

Unaniuliza kama utauzisha mashini yako, juu inavunja sindano ukishona bulangeti nzito ya bipande bya nguo. Hapana, mama.

Wakati nilioleka, nilishonea tata-mukwe, baba ya bwana yangu, bulangeti ya bipande bya masalopeti, nguo zake za kazi zenye kuzeeka. Ilikuwa inaning'inia chini ya meza, mi naivuta na nguvu, na sindano inavunjika. Yeye alikuwa mu lupango, inje ya nyumba, anasikia. Lakini kwetu baKasai, muke ya mwana hakai meza moja na tata-mukwe, wala hawasemezane. Basi akang'oa mulango wa chumba chake, akaulalisha juu ya bidoni za maji kando ya mashini, ku kushoto, akatoka.

Nikakunja bulangeti sawa mukeka, nikaifunga na pense za kuanikia nguo, nikaanza kushona katikati. Uzito yote ikalala ku mulango. Mikono yangu ikabakia na kazi ya kuonyesha njia tu.

Fanya vile, mulango ulingane kimo na meza ya mashini.

Ilikuwa mwezi wa baridi, na chumba chake kilibakia wazi. Nikatuma mama-mukwe amuulize tata-mukwe kama nirudishe mulango. Akajibu: "Mwambie ashone pole pole. Bulangeti iko njiani."

Ule mulango haukurudiaka ku chumba. Njo pale juu yake naandikia hii barua, ni meza yangu.

Nkambo yako