Mavi ya Chuma Chini ya Zulia Jekundu

Mpendwa Baba,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba kata yetu hapa Kyerwa sasa ina zulia jekundu. Lilitandikwa kwa mara ya kwanza sikukuu ya Uhuru, kutoka mlango wa gari la mgeni rasmi hadi kwenye kiti chake. Lina urefu wa hatua kumi na nne. Nililipima kwa macho wakati wa sala ya kufungua sherehe, Mungu anisamehe, kwa sababu nilikuwa na hasira na nilihitaji kitu cha kuhesabu.

Hasira hiyo ndiyo inayonifanya nikuandikie. Mama amechoka kuisikia.

Chini ya zulia lile, na chini ya hema zima na viti vyote vya plastiki, yamemwagwa mawe yetu ya kule juu. Tanuri la kale la chuma halipo tena, Baba. Limeondoka kwa tripu nne za tipa.

Unakumbuka uliponipeleka mara ya kwanza? Nilikuwa darasa la pili. Tulipita katikati ya migomba ya babu, tukatokea upande wa pili kwenye lile tuta lililofunikwa na nyasi. Ukaokota jiwe jeusi lenye vitundu, kama andazi lililoungua, ukaniwekea kiganjani. Mkono ukashuka wenyewe.

"Zito?"

"Zito, Baba."

"Basi si jiwe. Ni uchafu uliobaki chuma kilipotoka. Watu wetu waliyeyusha chuma hapa kabla hajafika mtu wa kutuambia chuma ni nini."

Uliponiambia kwamba uchafu huo unaitwa mavi ya chuma, nilicheka hadi nikakaa chini. Ulisubiri nimalize. Ndipo ukanionyesha vipande vya mabomba ya udongo yaliyopitisha upepo wa mivukuto, na udongo uliobaki mwekundu kwa moto wa watu waliokufa zamani. Sikucheka tena. Ila kipande kimoja nilikitia mfukoni, na ulipokigundua tulikuwa tumeshafika nyumbani na mvua inanyesha. Ulinirudisha peke yangu nikakiweke palepale. "Ukichukua wewe kimoja na mwenzako kimoja," ulisema, "tutamwonyesha nani nini?"

Tangu hapo, kila tulipomaliza kuvuna kahawa, tulikwenda kufyeka pale. Wewe ulifyeka, mimi nilibeba nyasi kwenda kutandaza shambani kwenye migomba. Majirani walipata nyasi popote. Sisi nyasi zetu zilitoka juu ya wahunzi, na nilikuwa najivuna nazo kijinga, kana kwamba ndizi zetu zilikuwa na ladha tofauti.

Sasa sikiliza nilichofanya. Mwaka huu waliniingiza kwenye kamati ya maandalizi kama mwakilishi wa wazee, nami nina miaka hamsini na mbili. Nikapendekeza kwamba kabla ya hotuba, wanafunzi na mgeni rasmi wapande kuliona tanuri, na mtu awaeleze kwa dakika kumi. Mtendaji wetu ni binti mwenye adabu sana. Akaandika, akainua kichwa.

"Wazo zuri, mzee wangu. Tuliweke kwenye mengineyo."

Mwenye akili angeelewa palepale. Mimi nikaenda kununua panga jipya. Nililifyeka tuta lote hadi likaonekana kutoka barabarani. Nikafikiria suruali ya mgeni rasmi na umande, nikaona haifai atembee. Nikang'oa mashina saba ya migomba yetu, Baba, yale ya matoke, yenye mikungu, ili gari lipande hadi juu. Unajua inavyomuuma mtu wa hapa kung'oa mgomba wenye mkungu. Mama alisimama mlangoni akanitazama kama mtu anayetazama nyumba ikiungua.

Kisha nikaenda msibani Kituntu, siku mbili. Niliporudi, njia yangu ilikuwa na alama za matairi makubwa, na mwisho wake palikuwa na shimo.

Uwanja ulikuwa na tope, dereva wa tipa alitafuta changarawe ngumu, akaziona kutoka barabarani. Zimefyekwa. Zina njia. Angefanya nini?

Nilishuka uwanjani nikamkuta mtendaji anasimamia viti.

"Mheshimiwa, hayo mliyomwaga ni tanuri."

"Tanuri la nani, mzee wangu?"

"La kuyeyushia chuma. La zamani."

"Jamani, pole. Dereva aliniambia ni mawe tu. Na njia aliikuta imeshatengenezwa."

"Niliitengeneza mimi."

"Basi ofisi inakushukuru sana, waitu, mzee wangu."

Hakuwa ananidhihaki. Angenidhihaki ningelala vizuri.

Siku yenyewe mgeni rasmi alipita kwenye zulia, akashika kipaza sauti, akatueleza kwamba kabla ya Uhuru hapa palikuwa pori tupu na wazee wetu walikuwa hawajui hata jembe. Kila alipotaja maendeleo alipiga mguu chini. Nilisikia sauti ya vile vipande vikisagana chini ya kiatu chake. Nikanyoosha mkono. Mshereheshaji akasema maswali yapo kwenye mengineyo. Mvua ikaja, na mengineyo hayakufikiwa.

Usidhani nimeigeuka bendera. Wewe ndiye uliyetembea hadi mjini ukiwa kijana kuiona ikipandishwa, ukarudi na malengelenge, na ulikuwa unayaeleza malengelenge hayo kama mtu anayeeleza nishani. Nami huwa nasimama wimbo wa taifa ukipigwa hata redioni, peke yangu, na kikombe mkononi. Nchi ina siku yake ya kuzaliwa na naisherehekea. Lakini mtoto akizaliwa, hatuwaambii babu zake kwamba hawakuwepo. Karagwe, ufalme wetu wa zamani, ilikuwa na watawala wake, wafua chuma wake, mashauri yake na magomvi yake, na mengine hayakuwa ya kujivunia hata kidogo. Tuyaseme yote. Kuna ubaya gani mtoto wa Kyerwa akijua kwao kabla hajajua kwa watu?

Nilimuuliza mjukuu wako wa mwisho, yuko darasa la tano, nani alitengeneza majembe ya kwanza hapa kwetu. Akafikiri vizuri kabisa. "Wachina," akanijibu.

Nimeandika barua ofisini. Nataka kilichobaki kizungushiwe uzio, shule zije kukitazama, na mwaka kesho historia ya hapa iwe ya kwanza kwenye ratiba, kabla ya zulia. Wamegonga muhuri. Wakati wanajadili, mimi nashuka uwanjani kila jioni na beseni kuokota ninachoweza kukitambua. Mama alinisindikiza mara moja. Aliinama, akaokota vipande vitatu, akanyooka.

"Mwanangu, utaokota Uhuru mzima?"

"Nitaokota wetu."

"Haya. Mgongo ni wako."

Nimefikisha magunia sita. Nimeamua kuyahifadhi kwenye banda lako la mbuzi, ambalo halijafunguliwa tangu ulipotuacha, hadi akili zitakapowarudia watu waliodhani kitu cha wazee wao ni changarawe.

Pumzika, Baba. Kaburi lako tumelipalilia, na mbuni uliokuwa unaugua pembeni yake umezaa.

Hayo yote hapo juu niliyaandika jana. Leo asubuhi nimefungua banda na kukwangua samadi kavu ili nipange magunia. Sakafu yote, ukuta hadi ukuta, ni mavi ya chuma, yameshindiliwa vizuri. Mama anasema uliyabeba mwenyewe kutoka kule juu kwa toroli, kwa sababu mbuzi walikuwa wanaoza kwato.

Ni mimi,
mwanao wa pili