Kurasa Nne Kabla ya Mama

Jumapili, Kitengela. Upepo na vumbi tangu asubuhi. Nguo nilizoanika nimezianua zikiwa chafu kuliko kabla sijazifua, na sina nguvu ya kuzifua tena.

Kesho lazima nimrudishie rafiki yangu Naserian tableti yake au nimwambie nainunua. Ameniazima wiki nzima. Ni ile ya kuandikia kwa kalamu, ambayo kioo chake hakiwaki kama cha simu, bali kinafanana na karatasi. Yeye amepata nyingine, na hii anataka niichukue mimi.

Nimeijaribu kwa haki. Mimi ni daktari wa mifugo, kutwa niko kwenye maboma, na kazi yangu ni ya mkono. Naandika ugonjwa, halafu nachora sikio la ng'ombe na alama alizokatwa na mwenyewe, maana ukiandika tu "mwekundu" utampoteza katikati ya wekundu wenzake. Kule Oltepesi jua lilikuwa la kuchoma na bado niliona kila mstari. Mzee mwenye boma alichungulia, akaona sikio la fahali wake, akacheka: "Huyu ni wangu kabisa!" Isitoshe, nilizoea kutembea na madaftari manne. Mgongo wangu umeshukuru.

"Sasa unangoja nini?" Naserian aliniuliza jana. "Hiyo kitu inakaa na chaji wiki mbili, Mwende. Ama unapenda tu kubeba mzigo?"

Nilimwambia bado nafikiria bei.

Nilimdanganya.

Ukweli ni daftari langu la kijani. Kwetu Makueni daftari halitupwi likiwa nusu. Mbele ni kwa kazi. Ukiligeuza juu chini, nyuma ni kwa mambo ya nyumbani. Mama alipokuja kukaa nami mwaka wake wa mwisho, alijitwalia nyuma ya daftari hilo bila hodi. Nilinung'unika wee! Niko kwa watu, nafungua upande usiofaa, nakuta vitunguu, chumvi, dawa ya presha. Leo ningetoa chochote ninung'unike hivyo tena.

Kila boma nililoandika lilinisogeza kwake. Zilipobaki kurasa nne tupu kati ya ng'ombe wangu na mwandiko wake, tulikuwa tumeshamzika, na nikaliweka daftari kabatini. Nimekuwa nikisema tableti ni kwa ajili ya mgongo. Kumbe naogopa kufika.

Na tableti haina nyuma. Hakuna atakayeigeuza aniandikie chumvi.

Mchana huu nimelitoa daftari, nikasoma ukurasa wake wa mwisho, ule ambao nimekuwa nikiukwepa. Herufi zimelala, za mkono uliochoka. Sukari. Sabuni ya kipande. Kumuuliza Mwende mbona siku hizi hali chakula cha jioni.

Hakuwahi kuniuliza.

Nimelia, nikanawa uso, nikaamua. Ng'ombe watahamia kwenye tableti, itawafaa sana. Naserian nitampigia asubuhi kabla sijatoka. Lakini kurasa hizi nne si za kazi tena. Nimeligeuza daftari juu chini, nikaanzia upande wake, chini ya mstari wake, kwa kalamu ya kawaida:

Ninakula, mama. Leo nimepika muthokoi. Nimesahau tena, nimepika ya watu wawili.