Jicho Lililopinda Mpaka

Jumamosi. Bukoba, mvua ya mawe tangu alasiri.

Mabati yanapigwa kana kwamba yamemkosea mtu, na mimi nimefurahi. Leo sitaki kusikia ndege wala jirani akifanya mazoezi ya kwaya. Nina hasira tangu Jumanne ya wiki iliyopita, na kila nikijaribu kuielekeza kwa mtu, inamkosa.

Nianze na damu, maana ndiyo iliyotangulia.

Tata, baba yangu mzazi, amemkata panga Baba mdogo Yosia. Haikuwa ajali. Alilenga kichwa. Baba mdogo akakinga kwa mkono wa kushoto, na panga likaingia chini ya kiwiko hadi mfupa ukaonekana. Mama mdogo alipiga nduru iliyosikika ng'ambo ya bonde. Waliofika kwanza walimkuta Baba mdogo amekaa chini ameukumbatia mkono, na Tata bado anafyeka migomba ya mdogo wake, mmoja baada ya mwingine, na mikungu michanga inaanguka kwenye ile damu.

Ndugu wa tumbo moja. Wamebatizwa na mchungaji mmoja, wameoa mwaka mmoja.

Sababu ni mpaka. Kwetu Muleba kibanja si shamba tu. Humo mna kahawa na migomba, na humo ndimo tunamozika watu wetu. Kibanja cha Tata na cha Baba mdogo vilikuwa kimoja, babu akakigawa kwa mstari wa milamula, ile mimea ya mpaka ambayo hata ukiikata inachipua. Mstari unatoka barabarani na kushuka hadi kwenye mteremko, umenyooka. Mtu anayehamisha mlamula wa mwenzake kwetu ni mwizi kuliko aliyeiba ng'ombe, kwa sababu anawaibia na wajukuu.

Sasa Tata ana tabia yake. Akimaliza kupalilia, hupiga goti mwanzo wa mpaka, hufumba jicho la kushoto na kuuchungulia mstari kwa jicho la kulia, kama fundi anayekagua ukuta. Ndivyo alivyopanga mistari ya kahawa maisha yake yote, na sisi watoto alitufundisha hivyo hivyo. Tangu kiangazi alikuwa akiinuka pale amekunja uso. Tukimuuliza, anaguna. Kumbe alikuwa akiona katikati ya mstari milamula imetembea, imeingia kwake, imefanya tumbo.

Akaamini Yosia anaihamisha kidogo kidogo watu wakiwa kanisani. Akanyamaza. Mtu mkali akinyamaza, mwogope. Jumanne ile aliamka, akanoa panga kwenye jiwe lake la siku zote, akaanza na migomba.

Alilala mahabusu, akatoka kwa dhamana, na wazee wa ukoo wakaomba wakae kwanza kwenye mpaka wenyewe. Alhamisi tukakusanyika pale. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja na kamba. Wanaume wawili wakaivuta kutoka mlamula wa kwanza hadi wa mwisho, ikakazika hadi ikalia. Kila mlamula ulikuwa umeigusa kamba. Watu wote wakamgeukia Tata. Akapiga goti, akafumba jicho la kushoto, akachungulia.

"Hata kamba mmeipinda!" akafoka.

Watu wakacheka. Mmoja akasema amerogwa, mwingine akasema ni rubisi, pombe ya ndizi. Binamu yangu, mtoto wa Baba mdogo, hakucheka. Aliokota jiwe. Nikaenda kusimama kati yao, na ninakiri nilikuwa tayari kumng'ata mtu. Hata hivyo, kichwani kulikuwa na kitu kimoja tu. Kamba iliyovutwa na wanaume wawili haiwezi kupinda.

Nikamwomba Tata atazame kwa jicho la kushoto. Akaniambia hajawahi kuchungulia kwa jicho hilo na hataanza leo mbele ya wapuuzi.

Jumatatu nikamleta mjini, kwa daktari wa macho. Alikuja kwa sababu Mama alimwambia kwamba asipokwenda, yeye atahamia kwa dada yake. Daktari ni binti mdogo kuliko mimi, ana sauti ya chini. Alimpa karatasi yenye miraba midogo mingi na nukta katikati, akamziba jicho la kushoto. Tata akaitazama, akasema karatasi imekunjamana, kuna mtu ameikalia. Daktari akamziba la kulia. Karatasi ikanyooka. Akarudia, ikakunjamana tena, na katikati mna doa kama moshi.

Tata akamtazama binti yule kwa chuki niliyoiona kwenye mpaka.

Nitaandika alichotueleza, maana kuna wasomaji wangu wenye wazazi wa umri huo. Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea picha, na katikati yake kuna sehemu ndogo tunayoitumia kusoma na kutambua sura za watu. Kwa wazee wengine sehemu hiyo inaharibika. Kuna aina kavu, inayokwenda polepole. Na kuna aina ya majimaji, ambapo mishipa mibovu inaota chini ya utando na kuvuja maji na damu, utando unanyanyuka, na kitu kilichonyooka kinaonekana kimepinda. Jicho la kulia la Tata lina hiyo ya majimaji. La kushoto limeanza ile kavu. Si mtoto wa jicho, kwa hiyo hakuna cha kutoa. Miwani mipya haitalitibu. Na macho yote mawili yakiwa wazi, zima linamfichia bovu aibu, ndiyo maana alikuwa anatembea, anakula na kutusalimia kwa majina bila mtu kushtuka.

Yaani jicho lilikuwa linavuja damu ndani kabla yeye hajaimwaga nje.

Kinachonichoma ni hiki. Wengi hawagundui mapema kwa sababu hawana sababu ya kufumba jicho moja. Tata alikuwa anafumba kila wiki. Ugonjwa ulimwonyesha dalili pale pale alipopiga goti, na yeye akaisoma kama Mhaya anavyosoma mstari uliopinda, kwamba jirani ni mwizi.

Dawa ipo. Ni sindano ndani ya jicho, Mwanza, na si mara moja. Itazuia mishipa kuvuja, na pengine atarudishiwa kidogo. Akichelewa, pale katikati patabaki kovu, na kovu halioni. Kiko aache leo, kwa sababu tumbaku inaharakisha uharibifu. Na kila asubuhi aitazame ile karatasi ya miraba kwa jicho moja, kisha kwa lingine, na mstari ukicheza tu, arudi haraka.

Tata aliinuka akakipiga teke kiti, kikaenda kugonga ukuta. Akasema jicho lake halijawahi kumdanganya. Binti yule hakusogea hata hatua. Alikiinua kiti na kutuandikia rufaa ya Mwanza.

Njiani kurudi Muleba, tulipokwisha kupita Kanazi, aligeuzia uso dirishani. Akasema:

"Koku, nikikubali hili jicho ni bovu, basi nimemkata Yosia bure."

Nilitaka kumkumbatia na kumzaba kibao kwa mkono uleule.

Ndiyo shida yote hiyo. Haogopi sindano. Akienda Mwanza amekiri, na akibaki nyumbani mdogo wake ataendelea kuwa mwizi. Yuko radhi apofuke ili awe na haki. Wiki nzima Mama amembembeleza, mchungaji amekuja, mimi nimepiga simu hadi sauti ikakauka. Hapana. Na wakati huo wote jicho linavuja.

Leo asubuhi nikaenda Muleba mwenyewe, na sikwenda kubembeleza.

Nilimkuta ameketi nyuma ya jiko anavuta kiko. Nikakichomoa mdomoni, nikakipasua juu ya jiwe lake la kunolea. Ninaandika hili nikiwa bado nashangaa. Mtoto wa Kihaya hamgusi baba yake hivyo. Akanyanyua fimbo. Mama akapiga kelele. Nikamwambia apige, ila anipige kwa kulenga na jicho la kulia, tuone kama atanipata.

Sijui ingeishaje. Baba mdogo Yosia ndiye aliyetukatiza. Alikuwa amesimama kwenye mpaka, mkono umefungwa kwa khanga ya Mama mdogo, na begani ameweka kamba.

"Usivuke," Tata akamwambia.

"Sivuki. Na sijaja kukusamehe, Kaka. Nimekuletea kamba."

Aliifunga mwenyewe kwenye mlamula wa kwanza, kwa mkono mmoja na meno. Ilichukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Mimi nikaivuta hadi wa mwisho na kuikaza. Baba mdogo akasema, "Haya. Fumba yote mawili. Upite na mkono."

Nilidhani Tata atamtukana. Pengine alikuwa amechoka, pengine ni kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyempa njia ya kujua bila jicho. Alifumba macho, akaishika kamba kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akawa anagusa milamula mmoja mmoja. Akashuka hivyo polepole. Alipofika katikati, pale penye lile tumbo lake, akasimama. Akapapasa upande huu, akapapasa upande ule, akilitafuta. Hakulipata. Mguu wake ukagonga kisiki cha mgomba alioukata yeye mwenyewe.

Akaenda mpaka mwisho, akarudi akiwa bado amefumba. Alipofika kwa Baba mdogo akafumbua jicho moja tu, lile la kulia, kama alivyozoea.

"Uso wako siuoni, Yosia. Naona masikio."

"Uso uko palepale," Baba mdogo akamjibu. "Nenda Mwanza. Nataka uuone huu mkono vizuri, kila siku, mpaka ufe."

Tata akakaa chini kwenye udongo. Akasema, "Nimekukata bure." Alisema kwa sauti, majirani wakiwa wamesimama kwenye migomba wanasikia. Kisha akalia, na kwa kuwa sijawahi kumsikia akilia, nilidhani anakohoa.

Baba mdogo hakumgusa. Alisema tu, "Ndiyo. Bure."

Nilipokuwa naondoka akanifuata hadi barabarani. Akaniuliza kama ni mimi niliyeliondoa lile panga. Nikamwambia ndiyo, polisi walipolirudisha kwa mwenyekiti nililichukua, liko kwangu Bukoba. Akatikisa kichwa.

"Akitoka Mwanza mrudishie. Vidole vyangu viwili haviamki, hospitali wameniambia ndiyo basi. Kibanja changu atakipogoa nani? Atapogoa yeye. Cha kwake na changu."

"Baba mdogo, panga lilelile?"

"Lilelile. Analijua mkononi."

Nimerudi mjini. Jumatatu tunapanda basi la Mwanza, Tata, Mama na mimi. Nimebandika karatasi ya miraba ukutani, na mimi mwenyewe nimefumba jicho moja, kisha lingine. Mistari yangu imenyooka. Nimetazama mara tatu, mwoga mkubwa.

Panga nimelitoa chini ya kitanda. Limefungwa kwenye gunia. Mtu amelisafisha vizuri, halina alama yoyote, na bado ni kali kama asubuhi ile. Mvua ya mawe imekatika na nyumba imekuwa kimya mno.

Mwenye kidonda amesema nimpe. Mimi nisiye na hata mchubuko ndiye ninayeogopa.

Kesho nitafunga mizigo. Hili la panga sijui nitaliweza lini.